Kujitolea Hifadhi ya Taifa Mikumi: mwongozo kwa klabu na vikundi vya vijana

Barabara kuu ya kwenda Zambia ikishatoka Morogoro hupita Doma, kisha huingia Hifadhi ya Taifa Mikumi na kuikatiza kwa kilomita zipatazo 50 kabla ya kutokea mji mdogo wa Mikumi. Mabasi ya Iringa, Mbeya, Songea na Tunduma hupita hapo kila siku, pamoja na malori ya mizigo ya Zambia na Kongo. Abiria akimaliza soda, chupa inatoka dirishani. Akimaliza chipsi, mfuko unafuata. Nyani wameshajifunza kukaa kando ya lami kusubiri, na mnyama aliyezoea kula barabarani ndiye anayegongwa. Vibao vya faini kwa kila mnyama atakayegongwa vipo, matuta yapo, lakini kinachomvuta mnyama barabarani hakiondolewi na kibao.

Hapo ndipo vijana wanapohitajika kweli. Nimesindikiza vikundi vya shule na vya mtaani kwenye kazi za aina hii, na ninayoyaandika hapa ni kwa walezi wa klabu, viongozi wa skauti, klabu za Malihai (za uhifadhi shuleni), Roots & Shoots (iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1991), vikundi vya makanisa na misikiti, na vijana waliojiunga wenyewe tu. Mfano ni Mikumi, lakini utaratibu hautofautiani sana mkienda Udzungwa, Saadani au Arusha.

Hatua ya 1: Ulizeni kwanza hifadhi inahitaji nini

Vikundi vingi huanzia mwisho. Vinachagua mradi vikiwa nyumbani, vinachapisha fulana, halafu vinaijulisha hifadhi kwamba vinakuja. Geuzeni mpangilio huo. Kila hifadhi ya TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa, ina maofisa wanaoshughulika na jamii zinazoizunguka, na kazi yao wenyewe huiita ujirani mwema. Wapigieni, au mtume wawili watatu mkaonane nao, mkaulize swali moja: ni kazi gani iliyolala kwa kukosa mikono?

Majibu hutofautiana na mahali. Mikumi mtaambiwa takataka za barabarani. Udzungwa, ambako watalii hupanda kwa miguu msituni hadi maporomoko ya Sanje yenye urefu wa mita 170, huenda mkapewa kazi ya kukarabati njia: kuondoa miti iliyoanguka, kuchimba vijifereji vya kupitisha maji ya mvua, kupanga mawe kwenye miteremko. Mkoani Arusha kuna gugu karoti, mmea mgeni wenye maua madogo meupe unaofukuza majani ya malisho. Huo hung'olewa kabla haujatoa maua, kwa sababu mche mmoja huzaa maelfu ya mbegu, na haushikwi kwa mikono mitupu kwa kuwa huwasha ngozi na kuamsha pumu.

Kuna pia kazi zilizo nje ya mipaka, na mimi huzithamini kuliko watu wengi wanavyozithamini. Vijiji vinavyopakana na hifadhi hulala macho msimu wa mavuno kwa sababu ya tembo. Uzio wa pilipili ni kazi ambayo vijana huimaliza vizuri: nguzo za miti, kamba ya katani, na vitambaa vilivyochovywa kwenye mchanganyiko wa pilipili ya kusaga na oili chafu. Tembo hunusa, hukereka, hugeuka. Kazi inayokula muda ni kuvichovya tena vitambaa kila mvua ikivisafisha, na mkulima mwenye shamba la ekari kadhaa na watoto wadogo hana mikono ya kutosha. Vijana kumi wa kijiji jirani wanaweza kulibeba hilo msimu mzima.

Neno moja kuhusu upandaji miti, maana ndio mradi wa kwanza kutajwa kila ninapokaa na kikundi kipya. Ndani ya hifadhi kama Mikumi msiupendekeze. Uwanda wa Mkata umejaa nyati, pundamilia na nyumbu kwa sababu ni nyika ya majani, na miche ya kutoka kitaluni, hasa ya aina za kigeni, haina nafasi pale. Miti ipandeni shuleni, kwenye vyanzo vya maji vya kijiji, au katika shamba la kuni litakalowapunguzia akina mama safari ya kwenda kuokota kuni jirani na mpaka wa hifadhi. Huo ni uhifadhi kamili.

Hatua ya 2: Barua

Mkishakubaliana kwa mdomo, andikeni. Barua iende kwa Mkuu wa Hifadhi, ipitie kwa mkuu wa shule kama ni klabu ya shule, nanyi mwombe kibali cha safari kwa Afisa Elimu wa halmashauri yenu. Kikundi cha mtaani kiambatishe nakala ya cheti chake cha usajili kutoka halmashauri. Kama bado hamjasajiliwa, Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye wa kuanzia, na usajili huo utawafaa kwa mengi mengine.

Barua nzuri haizidi ukurasa mmoja. Kwa mfano:

*YAH: OMBI LA VIJANA 30 KUJITOLEA KUSAFISHA KANDO YA BARABARA KUU*

*Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Kufuatia mazungumzo yetu na ofisi yako, tunaomba kibali cha kuokota taka kwa siku moja katika eneo mtakalotupangia. Tutakuwa vijana 30 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, walezi wanne na mtoa huduma ya kwanza mmoja. Tutakuja na vifaa vyetu. Tunaomba tupatiwe askari wa hifadhi wa kutusindikiza, maelekezo ya usalama, na ufafanuzi kuhusu ada ya kiingilio.*

Sentensi ya mwisho msiiache. Kujitolea peke yake hakufuti kiingilio. Wakati mwingine hifadhi husamehe, wakati mwingine hutoza viwango vya wanafunzi, na linalowezekana huamuliwa kabla hamjafika getini. Kama kuna malipo, mtapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, mlipe kwa benki au simu. Msimkabidhi mtu fedha taslimu, hata akiwa amevaa sare.

Kwa kazi ya barabarani, waulizeni wahifadhi nani mwingine apate nakala. Barabara kuu iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa Serikali, na polisi wa usalama barabarani wanatakiwa kujua kwamba siku hiyo kutakuwa na watoto wa watu wanatembea kando ya lami. Jipeni miezi miwili tangu barua ya kwanza.

Tarehe nayo ina siri yake. Kila mtu anataka kwenda Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, na siku hiyo maofisa wamebanwa na sherehe. Isitoshe, mara baada ya masika majani bado ni marefu: taka hazionekani, na wala hamwoni kilicholala ndani yake. Julai hadi Septemba nyasi zimefupika na ardhi imekauka. Mimi ningechagua Jumamosi ya kawaida ya Agosti.

Hatua ya 3: Idadi na wazazi

Thelathini wanatosha. Mia moja hawaokoti mara tatu zaidi, wanapiga kelele mara tatu zaidi, na askari wawili hawawezi kuwaangalia. Walio chini ya miaka 14 wapeni kazi za kijijini au shuleni, barabarani wasiende.

Kila aliye chini ya miaka 18 alete fomu iliyosainiwa na mzazi au mlezi, iliyoandikwa wazi kwamba kazi ni ndani ya eneo lenye wanyama wakali na kando ya barabara kuu. Msilifiche hilo ili fomu isainiwe haraka. Ulizeni pumu, kifafa, selimundu, mzio wa nyuki, dawa anazotumia, namba mbili za simu, na kadi ya bima ya afya kama ipo. Kijana mwenye pumu si wa kuachwa nyumbani. Mpeni daftari na mizani, akae karibu na gari na dawa yake ya kuvuta ikiwa mfukoni.

Hatua ya 4: Vifaa na fedha

Nimeona bajeti ambazo zaidi ya nusu ilikuwa fulana na bango. Fulana hazisafishi barabara. Kama fedha ni kidogo, zinunue vitu hivi kwa mpangilio huu: glavu nzito za mpira au ngozi (zile nyembamba za hospitali hupasuka kwa mwiba wa kwanza), vizibao vya reflekta, viroba vikubwa imara, koleo za kuokotea au fimbo zenye msumari, mizani ya kuning'iniza, sanduku la huduma ya kwanza. Kisha usafiri. Basi la kukodi liwe na kibali cha safari ya kukodi cha LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, la sivyo mtakwama njiani jua likipanda.

Maji yapigieni hesabu mapema. Mtu mmoja akifanya kazi juani ahesabiwe lita tatu, kwa hiyo vijana 30 na watu wazima 5 wanahitaji lita 105, yaani madumu sita ya lita 20. Kila mtu abebe kikombe au chupa yake ya kujazia. Msinunue katoni za maji ya chupa kwenda kuokota chupa. Chakula kipikwe nyumbani, kipakiwe kwenye hotipoti, kiliwe kwa sahani za kuosha.

Mavazi: viatu vilivyofunika mguu mzima, suruali ndefu, mikono mirefu, kofia. Rangi ya bluu iliyokoza na nyeusi ziacheni, kwa kuwa huwavutia mbung'o, na kuumwa nao kunauma. Kama sare ya shule ni ya bluu, siku hiyo waruhusuni wavae nguo za kahawia au kijani kilichofifia.

Hatua ya 5: Mafunzo kabla ya safari

Tengeni alasiri moja wiki moja kabla. Wapangeni katika makundi ya watu sita hadi wanane, kila kundi na kiongozi wake, na kundi hilo lisibadilike hadi mtakaporudi. Fanyeni mazoezi ya kusimama papo hapo filimbi ikilia. Inaonekana jambo dogo, lakini siku tembo atakapotokeza kichakani mita themanini mbele, kundi linalojua kusimama bila kuulizana ndilo salama.

Kuna somo moja la sheria ambalo kila kijana alisikie kwa masikio yake. Unyoya wa ndege, mwiba wa nungunungu, kipande cha gamba la kobe, pembe iliyookotwa chini: hivyo vyote vinaweza kuwa nyara za Serikali, na kukutwa navyo bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kijana anauona mwiba mzuri wenye pete nyeusi na nyeupe, anauchomeka kwenye kofia kwa furaha tu, na sasa ana jambo la kujieleza getini. Kanuni iwe fupi: tunachukua kilichotengenezwa na binadamu, kingine chochote kinabaki pale kilipo. Na kilichotengenezwa na binadamu kina mwiko wake mmoja, mtego wa waya. Mkiuona msiuguse. Simameni, mwiteni askari, mwonyesheni mahali. Kwake huo ni ushahidi.

Droni hairuki hifadhini bila kibali. Waambieni mapema wale wanaopenda kurekodi.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Fikeni mapema, kazi ianze saa moja asubuhi. Saa tano lami imeshakuwa kikaango, na vijana waliochoka huacha kuangalia magari. Kabla ya chochote, askari awape maelekezo, nanyi walezi mkae mstari wa mbele mkisikiliza kama wanafunzi, ili vijana waone nani mwenye amri hapo. Kuanzia dakika hiyo neno la askari ni la mwisho, hata likivuruga ratiba yenu.

Kila kundi lipewe kipande cha barabara kwa kufuata nguzo za kilomita. Gari moja likae nyuma na moja mbele, taa za tahadhari zikiwaka. Tembeeni mkikabili magari yanayokuja: kwa kuwa sisi huendesha kushoto, lami iwe mkono wenu wa kushoto na majani mkono wa kulia. Mtu asivuke barabara kufuata chupa moja. Upande wa pili utafanywa wakati wa kurudi.

Mstari uwe mpana kidogo tu: mmoja ukingoni mwa lami, mwingine mtaroni, wa tatu pale majani yanapoanzia, na hapo ndio mwisho. Taka iliyo ndani ya majani marefu au chini ya kichaka iacheni, au mwonyesheni askari. Makalavati ndiyo hatari isiyoonekana. Yamejaa takataka zilizosukumwa na maji, yanatamanisha, na ndimo ngiri, fisi na nyoka hupumzikia mchana. Mtu asiinamie kalavati wala kuingiza mkono.

Mtakachookota kitawashangaza mara ya kwanza. Chupa za plastiki zitaongoza. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, na ikionekana mara nyingi ni ya zamani, imepauka, inavunjika ukiishika. Mtakuta pampasi, makopo, maganda ya mahindi, vifungashio vya biskuti, mabaki ya kuku ndani ya karatasi yenye mafuta. Hayo ya mwisho ndiyo yanayoita nyani na fisi, kwa hiyo msiyadharau kwa kuwa eti yataoza. Na kuna chupa zenye maji ya manjano. Semeni wazi mbele ya vijana kwamba huo ni mkojo wa watu waliokosa mahali pa kujisaidia njiani. Chupa hiyo haifunguliwi wala haimwagwi. Inashikwa kwa koleo na kuwekwa kwenye kiroba cha peke yake chenye alama.

Vioo viwekwe kwenye ndoo, siyo kirobani, maana kiroba hubebwa kikigusa mguu. Kiroba kisizidi kilo 15. Mwenye mizani anapima, mwenye daftari anaandika nguzo ya kilomita, uzito, na aina: chupa, makopo, vioo, pampasi, vifungashio, mabaki ya chakula. Ataonekana kama anapumzika wakati wenzake wanatoa jasho, lakini daftari lake ndilo litakalozungumza nanyi mkishaondoka.

Mnyama akitokea: filimbi, simameni, nyamazeni, rudini garini taratibu kwa amri ya askari. Msikimbie. Msimrushie nyani chochote, hata kwa kumfukuza, na chakula chenu kisifunguliwe kando ya barabara. Kulieni eneo mtakaloonyeshwa, mkiwa mmenawa kwa sabuni.

Mwenye jeraha la kioo au msumari asafishwe hapo hapo kisha apelekwe kupata sindano ya pepopunda siku hiyo hiyo. Mji wa Mikumi una Hospitali ya Mtakatifu Kizito, haiko mbali. Kijana aliyeacha kutoka jasho, anayelalamika kichwa na kuongea bila mpangilio amezidiwa na joto: kivulini, amwagiwe maji mwilini, na gari liondoke bila kusubiri wengine wamalize.

Kama hifadhi imekubali, alasiri wapelekeni vijana kuzunguka uwanda wa Mkata na bwawa la viboko. Wapo vijana wa Morogoro waliopita Mikumi kwa basi tangu wakiwa wachanga na hawajawahi kuvuka lile geti. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964, ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, nao wameijua kwa dirisha la basi peke yake. Saa mbili za kumtazama twiga bila haraka ni sehemu ya kazi, zitengeeni nafasi kwenye ratiba.

Hatua ya 7: Taka zinakwenda wapi?

Swali hili lijibiwe kabla ya safari. Msizike wala kuchoma chochote hifadhini. Chupa safi na makopo tenganisheni, kwa kuwa mjini wapo wanaonunua plastiki kwa kilo, na mlezi anaweza kuzungumza nao mapema. Zilizobaki ziende dampo mtakaloelekezwa na hifadhi au halmashauri, kwa gari lililopangwa kwa kazi hiyo. Viroba vilivyorundikwa getini vikisubiri gari la kesho vitapasuliwa na nyani usiku haujaingia.

Hatua ya 8: Mkisharudi

Ndani ya wiki moja pelekeni hifadhini taarifa ya kurasa mbili: mlianzia nguzo ipi na kuishia ipi, kilo ngapi za kila aina, mlichokiona cha kutia wasiwasi, picha nne. Nakala moja kwa mkuu wa shule na moja kwa wazazi.

Kisha lichukueni daftari mwende nalo kwenye chanzo. Kwa Mikumi chanzo hakiko hifadhini, kiko stendi. Ombeni kibali kwa uongozi wa stendi ya mabasi ya Msamvu, mjini Morogoro, mwende vijana watano au sita, mzungumze na makondakta kabla mabasi hayajaondoka. Msiwahutubie. Waonyesheni namba za kilomita zenu, kisha ombeni mambo mawili: ndoo ya taka mlangoni mwa basi, na tangazo la sekunde ishirini mkishapita Doma, kwamba sasa tunaingia hifadhi, tafadhali msitupe kitu dirishani. Kondakta akiambiwa "kaka, tuliokota hapa kilo kadhaa Jumamosi iliyopita" na kijana aliyeziokota mwenyewe, husikiliza tofauti na anavyosikiliza bango. Mkipata basi moja linalokubali, rudini kwa mwenye basi hilo na barua ya shukrani.

Barua ya awamu ya pili iandikeni mwezi huo huo, kabla kamati haijatawanyika kwa mitihani. Ombeni kilomita zilezile. Mkipewa kipande kipya kila mwaka hamtajua kama chupa zinapungua au mnahama tu. Watajeni kwa majina vijana wa kidato cha pili watakaoshika mizani na daftari safari ijayo, na muwakabidhi daftari sasa.